Kiingereza cha Njiani

Mume wangu Xavier hawezi kumwacha mtu aondoke nyumbani kwake peke yake. Hata ukija kumtukana, ukishamaliza kutukana atavaa viatu akusindikize. Kwao Mbinga, huko mkoa wa Ruvuma, mgeni akitoka mlangoni peke yake watu huuliza amefukuzwa kwa kosa gani. Nasi Waluhya wa Bungoma tunasindikiza, sisemi hatusindikizi, lakini tuna kiasi. Unamfikisha mtu getini, mnaongea kidogo, unarudi jikoni kabla chakula hakijaungua. Xavier hana geti. Aliwahi kumsindikiza bwana aliyekuja kusoma mita ya gesi, akamvusha nyumba kadhaa, mpaka yule bwana akawa anageuka nyuma kwa wasiwasi.

Nasema haya mapema kwa sababu bila tabia hiyo nisingekuwa na mume leo. Ningekuwa naye kwenye simu tu.

Tunaishi Great Barr, Birmingham, karibu na barabara kuu ya M6, mahali ambapo malori yananguruma mpaka unasahau kwamba kuna kitu kinaitwa kimya. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja kule Edgbaston. Xavier nilimpata Arusha kwenye harusi ya rafiki yangu. Mimi nilikuwa likizo, yeye ndiye fundi aliyekuwa ametengeneza viti vya maharusi. Nilikuwa nimevuka arobaini, nimekata tamaa ya kuolewa, nimeshanunua hadi paka. Nikakaa kwenye kiti kimoja kabla ya maharusi kufika, nikakisifu, na sauti nyuma yangu ikasema, "Asante dada, ila hicho bado hakijakauka rangi." Gauni liliharibika. Mwenye sauti nikamchukua.

Alinifuata huku, na hapo ndipo shida ilipoanzia, maana Xavier alihamia Birmingham bila kuhama Kiswahili. Kazi alipata Balsall Heath, kwenye karakana ya fanicha ya Mkongo mmoja wa Bukavu. Pale wanaranda mbao kutwa nzima kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na Kifaransa. Jumapili tunasali kwenye ibada ya Kiswahili. Nyumbani yuko na mimi. Angeweza kuzeeka hapa bila kumwambia mtu hata "good morning", isipokuwa kwamba serikali ya huku inataka kumsikia. Ili apate ukaaji wa kudumu ilibidi afanye mtihani wa kuzungumza Kiingereza, ana kwa ana na mtahini. Aliufanya mara ya kwanza, akaanguka. Akaufanya mara ya pili, akaanguka tena.

Na Xavier si mjinga. Anasoma Kiingereza, anafuata taarifa ya habari, akicheka vichekesho vya kwenye televisheni anacheka mahali panapostahili. Lakini mkalishe kwenye kiti, weka meza, weka mtu upande wa pili wa meza, umwambie azungumze. Atafunga mikono yake magotini, atakutazama kwa heshima zote, na hatasema neno.

Viza yake ilikuwa inaisha mwezi wa Mei. Wakili alitueleza waziwazi kwamba bila cheti cha mtihani ule yeye hatuahidi kitu, na kwamba Xavier ajiandae kurudi akasubiri kwao. Akasubiri nini, mpaka lini, hakusema. Nilitoka ofisini kwa wakili nikiwa tayari nauona uwanja wa ndege. Nilijiona nikimsukumia kigari cha mizigo. Mimi ambaye nasindikiza mpaka getini tu, ningemsindikiza mume wangu mpaka pale ambapo walinzi wanakwambia huwezi kupita.

Basi nikaamua kumfundisha mwenyewe. Sisi Wakenya tuna ugonjwa wa kudhani Kiingereza tulizaliwa nacho. Kila jioni nikitoka kazini nilimkalisha kwenye meza ya chakula, mimi huku, yeye kule, nikamwambia, "Haya, sema."

"Niseme nini, mke wangu?"

"Sema ulichofanya leo. Kwa Kiingereza."

Kimya. Halafu, "I am go... I go buy... Samahani."

"Usiniombe samahani, Xavier! Sema!"

"Samahani."

Kugombana na Mtanzania ni kazi ya kuchosha. Unapiga kelele peke yako, mwenzako anakuomba radhi, na mwishowe anakuuliza kama umekula. Nilikuwa nakwenda kulala na hasira pamoja na hofu, na sikujua ipi ni ipi.

Aliyetuokoa ni Kirandeep, muuguzi mwenzangu wodini. Kwao ni Masingasinga wa Nakuru waliohamia Birmingham zamani, na wanaishi Great Barr hiyohiyo, upande wa pili wa M6. Siku moja tunatandika kitanda, nikamwaga yote. Akanisikiliza, halafu akasema nimchukue baba yake. Mzee Gurbachan alikuwa mwalimu wa Kiingereza maisha yake yote, kwanza Nakuru, kisha huku, na sasa amestaafu anawasahihisha watangazaji wa redio. Majira ya baridi alikuwa ameanguka bafuni. Daktari akamwagiza atembee kila siku ili nyonga isikakamae. Mzee akakataa katakata. Alisema yeye si mbwa wa kutembezwa.

"Mchukue," Kirandeep aliniambia. "Angalau atagombana na mtu mwingine."

Alimleta kwa gari Jumamosi iliyofuata. Mzee mrefu, mwembamba, kilemba cha rangi ya maziwa, tai, na bakora aliyoishika kama vile ni ya mtu mwingine na yeye anamshikia tu. Xavier akafungua mlango, akainama.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Gurbachan akasimama palepale kwenye ngazi. Niliona midomo yake ikitafuta.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Nakuru hapana sikia hiyo sana. Lakini jibu mimi najua." Akapiga bakora chini. "Haya. Mimi nakuja fundisha wewe."

Xavier ni mtu mpole, lakini Kiswahili kikivunjwa mbele yake huwa anaumwa jino. Akasema taratibu, "Karibu sana, Mwalimu. Umekuja kunifundisha. Nashukuru."

"Ndiyo. Nakuja fundisha."

Nikawawekea meza, karatasi na kalamu, nikaenda jikoni kupika chai huku sikio nimeliacha sebuleni. Sikusikia kitu. Mzee aliuliza, kimya kikajibu. Akauliza tena, polepole zaidi, kimya kikajibu polepole zaidi. Nilipoingia na chai na mandazi niliwakuta wameketi kama wafiwa. Mzee akanywa chai, akala mandazi, akaniambia kwa Kiingereza kizuri sana kwamba mandazi yamekolea iliki. Kisha akatoa simu amwite binti yake aje kumchukua. Alipoinua macho, Xavier alikuwa ameshavaa jaketi.

"Wewe nakwenda wapi?"

"Kukusindikiza, Mwalimu."

"Gari nakuja. Na mimi si mbwa!"

"Hapana, Mwalimu," Xavier akasema. "Mbwa anatembezwa. Mgeni anasindikizwa."

Mzee akamtazama. Akaitazama simu. Akairudisha mfukoni, akanyoosha mkono apewe koti lake.

Kutoka kwetu hadi kwa kina Kirandeep si mbali, ni kupita maduka, kuvuka daraja la juu ya M6 na kupinda mara mbili. Mtu mwenye nyonga mbovu anaweza kutumia nusu saa. Xavier alirudi baada ya muda mrefu kuliko huo, amebeba paketi ya maziwa.

"Maziwa ya nini? Tunayo."

"Mwalimu alitaka ninunue," akasema, akayaweka kwenye friji.

Ikawa hivyo tangu majira ya kuchipua yaanze. Mzee Gurbachan sasa alikuja Jumamosi na Jumatano, na hakuletwa tena na gari. Xavier alimfuata kwao na kumrudisha. Kwenye meza yangu mambo yalikuwa yaleyale, mzee anauliza, Xavier anatazama magoti. Ila friji ilijaa maziwa. Tukapata pia stempu ambazo hatukuwa na barua za kuzibandika, na siku moja kitunguu kimoja. Nikaanza kuamini kwamba nimewaletea wazee wawili mahali pa kuzurura, na kwamba mwezi wa Mei utatukuta palepale.

Mpaka Jumatano moja nilipotoka zamu ya asubuhi, nikapitia daraja la M6 kwa gari. Nikawaona mbele yangu kwenye njia ya miguu, mmoja na kilemba, mwingine na kofia yake ya sufu. Nikapunguza mwendo, nikashusha kioo niwasalimie. Kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti ya mume wangu ikishindana na malori.

"No, Mwalimu! In Mbinga we don't go to sell coffee! The company people come to buy!"

"They come to buy. Good. And who goes to carry it?"

"My mother goes to carry! And me, I go to help, because I am small but I have strong head!"

Mzee akacheka, Xavier akacheka, mikono hewani, anaonyesha ukubwa wa gunia. Nilisimamisha gari kabisa. Nyuma yangu mtu akapiga honi. Nilikuwa nimekaa na mwanamume huyu miaka yote hiyo na nilikuwa sijawahi kusikia habari za yeye kubeba kahawa kichwani, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili.

Ile honi ikawafanya wageuke. Xavier akaniona. Mikono ikashuka.

"Habari za kazi, mke wangu?" akasema, kwa Kiswahili, kwa adabu.

Nikawaambia wapande. Wakakataa wote wawili.

Nilifika nyumbani nimevimba. Aliporudi nilikuwa nimesimama katikati ya jikoni.

"Kwa hiyo Kiingereza unacho. Ila mimi ndiye sistahili kukisikia."

Akavua kofia. Akafikiri kwa muda, maana yeye hajibu kitu bila kukifikiria, jambo ambalo nalo hunikera.

"Njiani hakuna anayeniangalia," akasema. "Mwalimu anatazama mbele, na mimi natazama mbele. Neno likikosea linabaki nyuma, sisi tumeshapita. Nikikaa mezani namwona yule mwalimu wetu wa shule ya msingi. Alikuwa anatuita mmoja mmoja, unakaa mbele yake, fimbo iko juu ya meza, anakwambia, haya, sema."

"Haya, sema," nikarudia. Nilikuwa nalifahamu neno hilo.

"Ndiyo."

"Hata nikiwa mimi upande wa pili?"

"Hata ukiwa wewe. Samahani."

Iliniuma. Siwezi kudanganya, iliniuma sana, na nilimwacha pale nikaenda kukaa chumbani na yule paka. Lakini kilichonitoa chumbani si msamaha, ni udadisi. Nilitaka kujua yale maziwa.

Mzee Gurbachan alinieleza mwenyewe Jumamosi iliyofuata, kwa Kiswahili, ingawa tungeweza kuelewana vizuri zaidi kwa Kiingereza. Alikipenda Kiswahili kwa kuwa kilimrudisha Nakuru, na hakujali kilivyokatika mikononi mwake.

"Kiingereza, mtu hapana kwenda tu," alisema. "Mtu nakwenda fanya kitu. Go to buy. Come to see. Kama hapana kazi mbele, hiyo ni zurura. Basi mimi nauliza yeye, unakwenda wapi? Yeye nasema, shop. Nauliza, to do what? Yeye nasema, to buy milk. Sasa mimi mwalimu. Mimi hapana kubali uongo. Kama nasema to buy milk, lazima nunua milk!"

"Mpaka stempu?"

"Siku hiyo yeye choka na milk."

Xavier alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mzee, anatabasamu. "Na mimi namsahihisha," akasema. "Mwalimu, ni kwenda kufanya. Siyo kwenda fanya. Kuja kuona."

"Yeye nameza 'to', mimi nameza 'ku'," Mzee Gurbachan akaniambia. "Wote sisi nashiba."

Kuanzia siku hiyo niliiondoa meza. Niliisukuma ukutani, nikaweka juu yake kapu la nguo. Sikumwambia mtu "haya, sema" tena, ingawa ulimi uliniwasha. Lakini meza ya chumba cha mtihani nisingeweza kuisukuma ukutani, na tarehe ilikuwa inakaribia.

Katika mtihani ule mtu anachagua mwenyewe jambo la kuzungumzia. Mara ya kwanza nilimchagulia mimi, usafi wa mikono hospitalini, kwa kuwa ni jambo ninalolijua vizuri. Mara ya pili nikamchagulia mpira, kwa kuwa ni mwanamume. Sasa nilikuwa nimeanza kumwandalia habari za hali ya hewa, Mzee Gurbachan akainua bakora yake.

"Mama, wewe pumzika," akasema. Akamgeukia Xavier. "Wewe unajua nini kuliko watu yote ya Birmingham?"

Xavier akafikiri. "Kusindikiza," akasema.

"Basi."

"Lakini kuna meza, Mwalimu. Hawatanikubalia nitembee."

"Miguu kaa chini ya meza," mzee akasema. "Kichwa iende."

Siku ya mtihani niliomba ruhusa kazini. Mzee Gurbachan alikuja pia, kilemba kipya cha buluu, viatu vinang'aa, utadhani ni yeye anayetahiniwa. Tulikwenda mjini kwenye jengo moja la vioo. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na zulia la kijivu na dawati la mapokezi. Mtahini alitoka mwenyewe kumwita Xavier, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi na sweta la vifungo. Xavier akasimama. Alitaka kusema kitu, akaniangalia, akaacha. Akamfuata, mlango ukafungwa.

Nilishika mkoba wangu kwa mikono yote miwili. Mzee Gurbachan alifumba macho na midomo yake ikawa inatikisika, na sikujua kama anasali au anapita darajani pamoja na mwanafunzi wake.

Mlango ulipofunguka, Xavier hakutoka peke yake. Mtahini alikuwa naye.

Watahini hawatoki. Nimekaa kwenye kumbi zile mara tatu, najua. Mtu anamaliza, anatoka mwenyewe, uso umeshuka au haukushuka, na mtahini anabaki ndani kumngoja mwingine. Huyu alitoka, akatembea bega kwa bega na mume wangu, wakakata ukumbi mzima, wakalipita dawati la mapokezi, wakatupita sisi, wakaenda mpaka mlango wa nje. Msichana wa mapokezi aliinuka kwenye kiti chake. Mimi nilisema moyoni, wamemfukuza. Ametukana bila kujua, au amenyamaza mpaka mama wa watu amechoka, sasa anamtoa nje mwenyewe. 

Mlangoni walisimama. Mtahini akasema kitu. Xavier akatazama nje, kulikuwa na upepo, akajibu kitu. Yule mama akacheka, akampa mkono, akarudi kupitia mbele yetu, bado uso una kicheko.

Nilimkimbilia Xavier. "Umefanya nini?"

"Nimemaliza."

"Mbona amekutoa?"

"Hajanitoa," mume wangu akasema, amekunjua uso kama mtu aliyekula akashiba. "Amenisindikiza."

Alitusimulia palepale nje, upepo ukimvuruga Mzee Gurbachan ndevu. Alikuwa ameeleza yote. Mgeni anakuja kukuona. Unamkaribisha, anakula. Akisema naondoka, unamwambia kaa kidogo. Akisimama, nawe unasimama. Unakwenda naye mpaka darajani, na maneno yenyewe mazuri mara nyingi yanakuja huko. Yule mama akamuuliza, je, ukimwacha mgeni aende peke yake kuna ubaya gani? Xavier akajibu, "Then you are sending him away. He will not come to see you again."

Baada ya hapo mama akazima kinasa sauti, akamshukuru, akamwambia anaweza kwenda. Xavier akainuka, akafika mlangoni, akasimama. Akangoja. Mama akamuuliza kama kuna jambo lingine.

"Nikamwambia, I am waiting for you, madam. I am the visitor."

"Xavier!"

"Si ni kweli? Pale kwake mimi ni mgeni. Nimetoka kumweleza muda mfupi tu, nikaona nikiondoka peke yangu atajisikia vibaya. Akatazama kiti chake, akatazama mlango, akafunga vifungo vya sweta, akaja. Pale mlango wa nje akaniuliza, is this far enough? Nikamwambia, kwa baridi hii inatosha."

Niligomba. Niligomba kwa Kiluhya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, barabarani, nikimwambia kwamba mtahini si shangazi yake, kwamba atamwona mtovu wa nidhamu, kwamba amechezea maisha yetu kwa mambo ya Mbinga. Xavier akaniomba samahani, akaniuliza kama nimekula. Mzee Gurbachan alikuwa ameegemea bakora yake anacheka mpaka kilemba kinatetema.

Siku za kungojea sikulala vizuri. Nilishusha sanduku kutoka juu ya kabati, nikalipangusa vumbi, nikalirudisha, nikajilaani kwa kulishusha. Yeye alikwenda karakanani kila siku, na Jumatano akamsindikiza mzee kama kawaida.

Matokeo yalinikuta wodini. Alinipigia simu yeye mwenyewe, na hakusema salamu wala habari za kazi, jambo ambalo Xavier hafanyi, nikajua kabla hajaendelea. Amefaulu. Nililia kwenye chumba cha mashuka, Kirandeep amenikumbatia, naye analia, tukachafua shuka safi mbili tukazipeleka kufuliwa tena.

Jioni hiyo tulikwenda wote wawili kwa Mzee Gurbachan, kwa miguu. Nilibeba mandazi. Mzee alikuwa ameshaambiwa na binti yake, lakini alikuwa amekaa tu kwenye kiti chake, tai shingoni, bakora kati ya magoti. Alimpa Xavier mkono, akamwambia "Well done." Kisha akaangalia dirishani.

"Jumamosi nije saa ngapi, Mwalimu?" Xavier akauliza.

"Wewe umefaulu," mzee akasema, akiyapima maneno moja moja. "Sasa utakuja kufanya nini?"

Xavier akageuka kunitazama kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata "ku" ilikuwepo.

"Nitakuja kukusindikiza," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Kununua maziwa."

Mzee Gurbachan alichukua mandazi mawili, na Kirandeep akatoka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Tulipoaga, mzee aliinuka, akadai koti lake, akatuambia kwamba leo wageni ni sisi. Akatusindikiza, Kirandeep nyuma yake, mpaka pale daraja linapoanzia. Aliniambia nimtunze mwanafunzi wake. Nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu," mimi Mluhya ambaye sijazoea neno hilo, na akaniitikia vizuri kabisa.

Tukabaki wawili juu ya M6, malori yanapita chini na taa zao. Nilikuwa nimelibeba lile jambo kwa miezi, na sikutaka kufika nalo nyumbani. Nikapaza sauti ili anisikie.

"Unajua nilikuwa nimeshajiandaa kukusindikiza airport?"

 Tulitembea kidogo, yeye anatazama mbele. Halafu akasema, kwa sauti ile niliyoisikia siku ya kahawa, ila safari hii alikuwa ananiambia mimi.

"You go to airport to do what? Me, I am going home to eat."

Machozi yalinijaa, nikacheka hapohapo. Kulikuwa na kosa dogo moja au mawili ndani ya maneno yale, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu niliyaacha yabaki nyuma yetu darajani. Nikaupitisha mkono wangu kwenye mkono wake. Nilitamani sana kumgeukia nimwone uso, lakini sikugeuka.

"To eat what?" nikamuuliza, nikitazama mbele.